Tuwaanike waajiri wanaokula mishahara ya watu?

Uingereza, mwajiri akibainika kulipa chini ya kima cha chini cha mshahara, hupigwa mara tatu. Kwanza analipa malimbikizo, tena kwa kiwango cha leo, si cha wakati ule alipopunja. Pili anatozwa faini inayoweza kufika asilimia 200 ya deni, isizidi pauni 20,000 kwa mfanyakazi mmoja. Tatu, serikali inachapisha jina lake.

Ubishi uko kwenye hilo la tatu. Wanaounga mkono wanasema faini ni gharama ya biashara tu: kampuni kubwa inailipa asubuhi na mchana imeshasahau. Jina ndilo linalouma. Wanaopinga wanasema serikali inayoaibisha watu imehama kwenye kutekeleza sheria na kuingia kwenye umbeya. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na naona zote zinakwepa swali moja: aibu inamuuma nani?

Orodha yenyewe ya Waingereza inatoa mwanga. Desemba 2020 ilitaja Tesco, kampuni ya maduka makubwa, kwa kuwapunja wafanyakazi zaidi ya 78,000 jumla ya pauni kama milioni 5.1. Kampuni ikajitetea kwamba ni hitilafu ya hesabu za makato, na kwamba iliigundua yenyewe. Juni 2023 ikaja zamu ya WH Smith, wauza vitabu na magazeti, zaidi ya pauni milioni moja kwa wafanyakazi zaidi ya 17,000. Kisa ni sare: wafanyakazi walitakiwa kuvaa nguo za namna fulani na kuzinunua kwa fedha zao, na ukizitoa kwenye mshahara unakuta umeshuka chini ya kima. Makosa hayo yalikuwa ya 2019 kurudi nyuma, jina likatoka 2023.

Je, huyu ni mwizi? Hapa wapinzani wana hoja nzito. Kampuni iliyokosea tafsiri ya kanuni ya sare na ikarudisha kila senti inachapishwa ukurasa mmoja na mwenye mgahawa aliyemwambia mpishi wazi kwamba hamlipi na aende popote anapotaka. Msomaji wa gazeti hatofautishi. Anayeona jina analolijua anashtuka, na majina anayoyajua ni ya makampuni makubwa. Yule wa mgahawa anapita bila kuonwa. Lakini mfanyakazi wa duka naye ana jibu lake: kodi ya nyumba haiulizi kama umepunjwa kwa kukusudia au kwa bahati mbaya.

Korea Kusini wamekata shauri tofauti. Huko hawamtaji mtu kwa kosa la kwanza. Lazima awe amehukumiwa mara mbili au zaidi ndani ya miaka mitatu kwa kutolipa mishahara, na deni lake la mwaka uliotangulia liwe limefika won milioni 30. Hupewa miezi mitatu ajieleze. Akishindwa, jina, umri, anwani na kiasi anachodaiwa hubaki hadharani miaka mitatu. Kwa upande wa haki ya mtuhumiwa, sijaona utaratibu wenye subira kuliko huu. Kwa upande wa matokeo, hesabu inakatisha tamaa: sheria ilianza kutumika 2012, na mwaka 2024 mishahara isiyolipwa nchini humo ilivuka won trilioni 2, rekodi ya juu kabisa. Huwezi kuilaumu orodha kwa hali ya uchumi, bila shaka. Ila Wakorea wenyewe hawakuridhika nayo, kwa maana mwaka 2025 waliiongezea makali, likiwemo la kuwazuia wadaiwa sugu kusafiri nje ya nchi.

Ushahidi unaobebwa zaidi na watetezi unatoka Marekani, na si wa mishahara, ni wa usalama kazini. Kuanzia 2009 wakala wa serikali kuu, OSHA, ulianza kutoa taarifa kwa vyombo vya habari kila ulipotoza faini kubwa. Mchumi Matthew Johnson alichapisha mwaka 2020 utafiti ulioonyesha kwamba taarifa moja ya namna hiyo iliwatia adabu waajiri jirani wa sekta ileile kiasi ambacho kingehitaji ukaguzi 210 kukifikia. Si jambo dogo. Lakini utafiti huo unaashiria pia kwamba waliogopwa zaidi walikuwa wafanyakazi: kudai nyongeza, kupiga kelele kupitia vyama vyao, kuondoka.

Sasa leta hilo Dar es Salaam. Mlinzi wa kampuni binafsi akiondoka kwa kuwa hajalipwa miezi miwili, getini wapo kumi wanaosubiri nafasi yake. Kibarua wa ujenzi mara nyingi hajui hata jina rasmi la kampuni. Anamjua msimamizi na namba yake ya simu, ambayo siku ya malipo haipatikani. Kumwaibisha mwajiri wa aina hii ni kumpigia kelele asiyesikia.

Wala si kwamba sisi ni wageni wa kuanika majina. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imewahi kutangaza hadharani majina ya wadaiwa sugu, wengi wao vijana wanaohangaika kutafuta kazi. Mwajiri anayedaiwa mishahara hapati heshima hiyo. Majina yake yapo, lakini yamefichwa mahali pa wazi: hukumu za Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure, kama zinavyowekwa za Kenya kwenye Kenya Law. Balaa ni kwamba hukumu inamtaja na mfanyakazi. Mwajiri mpya akitafuta jina lako mtandaoni, anakuta uliwahi kumshtaki bosi wako. Kwa hiyo utaratibu wa leo unamwanika zaidi aliyedhulumiwa, maana ndiye anayetafuta kazi. Na ukiamua kumtaja mwajiri mwenyewe mtandaoni, unajiweka kwenye hatari ya kesi ya kashfa juu ya mshahara uliokwisha kuukosa.

Msimamo wangu uko karibu na Korea, lakini nisingeanzia kwenye hukumu ya jinai, ambayo huku ni nadra. Ningeanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoamua migogoro ya kazi. Mfanyakazi anafungua shauri la mshahara ndani ya siku 60, anashinda, anapewa tuzo, yaani uamuzi kwamba alipwe, halafu anaambiwa aende Mahakama Kuu kuikazia ili mwajiri alazimishwe kulipa. Wengi huishia hapo, kwa sababu nauli na muda vimekwisha. Tuzo ambayo muda wa kuipinga umepita na haijalipwa, hiyo ichapishwe: jina la kampuni, wakurugenzi wake, kiasi, tarehe. Jina la mfanyakazi libaki ndani ya faili. Akilipa, jina litoke siku hiyohiyo. Aliyekosea hesabu na kurekebisha haguswi, na wakurugenzi watajwe kwa sababu kusajili kampuni mpya BRELA, kwa msajili wa makampuni, ni kazi ndogo kuliko kulipa deni la zamani.

Kisha orodha isomwe na mashine, isiachiwe wasomaji. Sheria ya manunuzi ya umma ya Kenya ya 2015 tayari inamnyima sifa ya zabuni anayepatikana na hatia ya ukiukaji mkubwa wa sheria za ajira. Tanzania zabuni za umma zinapita NeST, mfumo wa manunuzi wa kielektroniki. Mfumo ukilikuta jina, umkatalie. Kampuni ya ulinzi au usafi inayoishi kwa mikataba ya ofisi za umma haina aibu, lakini ina mkataba wa kuhuisha.

Hii haimfikii dada wa kazi. Nyumba yenye mfanyakazi mmoja, ukimtaja mwajiri umemtaja na binti, na zabuni haimhusu mama mwenye nyumba. Kwake orodha haina kazi. Anahitaji mtu wa serikali ya mtaa anayeweza kugonga mlango.

Na upo mgogoro wa pili ambao watetezi wa orodha hawapendi kuuzungumzia. Mkandarasi mdogo akiulizwa kwa nini hajalipa vibarua, mara nyingi anaonyesha hati za malipo ambazo halmashauri au wizara haijazilipa kwa miezi. Kenya madeni ya wazabuni ni habari ya kila bajeti. Wakati mwingine ni kisingizio, wakati mwingine ni kweli tupu. Orodha ya haki ingeweka safu moja zaidi, ya fedha ambazo mwajiri huyo anaidai serikali. Nadhani hapo ndipo rasimu ya kanuni itakapokwama.