Timu ya misheni ya wiki mbili: mwenyeji ameulizwa?

Likizo ndefu zikikaribia, makanisa mengi huanza kuchangisha nauli. Vijana kumi au kumi na watano, viongozi wawili, fulana za rangi moja, na wiki mbili katika jiji la nchi nyingine: kuhubiri mitaani, kufundisha watoto, kutembelea wakimbizi, kuzunguka mitaa kwa maombi. Kwa sura yake ya leo, utaratibu huu si wa zamani sana. Mwaka 1957 George Verwer na wanafunzi wenzake wawili walikwenda Mexico wakiwa na vitabu vya injili, na safari ile ndiyo iliyozaa shirika la misheni la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham alianzisha Youth With A Mission, shirika la misheni la vijana, akiamini kwamba kijana anaweza kutumika bila kusubiri kwanza miaka ya chuo cha theolojia. Kwa Marekani peke yake, mtafiti Robert Priest alikadiria kwamba Wakristo zaidi ya milioni moja na nusu huenda nje ya nchi kwa safari za namna hii kila mwaka.

Wanaozipinga huanzia kwenye fedha, na wana ushahidi. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, timu nyingi kutoka Amerika Kaskazini zilikwenda kujenga nyumba za waathirika. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyeishi nchini humo miaka mingi, alizifuatilia. Nyumba ambayo mashirika ya Kikristo ya pale pale yaliweza kuijenga kwa dola 2,000 hivi, timu ya wageni iliifikisha kama dola 30,000 ukijumlisha nauli na matumizi yao. Aliuliza pia kama waliorudi nyumbani walibadilika katika utoaji na maombi. Wengi walisema ndiyo, lakini alipofuatilia michango yao hakuona badiliko kubwa la kudumu.

Hoja hii ina uzito, ila nadhani inatumika kupita kiasi. Kwanza, fedha ya nauli mara nyingi isingepatikana kwa namna nyingine. Shangazi anayemchangia mpwa wake aende misheni hangetuma kiasi hicho hicho kwa kanisa asilolijua katika jiji asilowahi kufika. Pili, kujenga nyumba ni kazi ambayo fundi wa pale anaifanya vizuri zaidi, lakini kazi ya mjini mara nyingi ni ya watu kukutana na watu, na hiyo haipimwi kwa mifuko ya saruji. Kama gharama ingekuwa kipimo pekee, hata harusi tusingesafiri kwenda.

Gharama inayonisumbua zaidi haionekani kwenye bajeti ya timu. Ni muda wa mwenyeji. Chukua siku moja ya mkalimani. Mara nyingi ni kijana wa kanisa mwenyeji aliyeomba ruhusa kazini, ndiye pia anayepiga kinanda Jumapili, ndiye anayejua basi lipi linakwenda wapi. Saa tatu asubuhi yuko barabarani na wageni. Mgeni mmoja anatoa ushuhuda wa dakika tatu, mkalimani anaufupisha kwa sentensi mbili, kwa sababu anajua mfano uliotumika utawaudhi waliosimama pale. Mpita njia anauliza swali gumu kuhusu dini yake ya utotoni. Mkalimani analijibu mwenyewe, kisha anamtafsiria mgeni kwa kifupi ili asijione ameachwa. Jioni anatafuta duka la dawa kwa sababu kuna anayeumwa tumbo. Hayo yote anayafanya kwa moyo, na akiulizwa atasema amebarikiwa. Lakini wiki hizo mbili kikundi chake cha kujifunza Biblia hakikukutana.

Timu ikiondoka, juu ya meza ya ofisi ya mchungaji hubaki bunda la kadi. Ni majina ya walioongozwa sala ya toba na wanaosubiri kupigiwa simu. Namba nyingine zimepungua tarakimu, nyingine hazipatikani, na mmoja au wawili ni watu ambao mchungaji anawafahamu vizuri: waliinua mkono timu iliyopita, na ile ya kabla yake. Mjini watu wanahama. Mhamiaji aliyepanga chumba upande huu mwezi huu, mwezi ujao yuko ng'ambo ya pili ya jiji karibu na kibarua kipya. Asipofuatiliwa ndani ya siku chache, amepotea. Wakati huo timu iko nyumbani ikionyesha picha na kutaja idadi ya waliookoka, na kanisa lenye watu wawili au watatu wa kufuatilia linaulizwa kwa barua pepe: hao waongofu wetu wanaendeleaje?

Upande wa pili una jibu zito, nalo hutoka kwenye Maandiko. Husema Paulo mwenyewe alikuwa mtu wa muda mfupi. Matendo 17 inataja sabato tatu tu alizohojiana na watu wa sinagogi la Thesalonike, na kanisa likazaliwa. Kama wiki chache zilimtosha Roho Mtakatifu pale, zitashindwaje leo?

Ukisoma sura yenyewe, jibu linazidi kuvutia. Paulo hakuhitaji mkalimani, Kigiriki alikijua. Alikuta sinagogi lenye watu waliokwisha kuyajua Maandiko. Inawezekana pia alikaa zaidi ya hizo wiki tatu, maana Wafilipi 4:16 inasema walimpelekea msaada huko zaidi ya mara moja, na 1 Wathesalonike 2:9 inasema alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Tena hakuondoka kwa sababu ratiba ilikwisha, alifukuzwa. Aliposhindwa kurudi alimtuma Timotheo, kisha akaandika barua. Kulikofunguka mlango wa kukaa, alikaa: Korintho mwaka mmoja na miezi sita, Efeso miaka mitatu kwa maneno yake mwenyewe. Na kuna mtu tunayemruka haraka sana katika habari ya Thesalonike, naye ni Yasoni, mwenyeji wa Paulo. Umati ulivamia nyumba yake, yeye ndiye aliyekokotwa mbele ya wakubwa wa mji, yeye ndiye aliyetoa dhamana. Paulo na Sila walipelekwa Beroya usiku. Hata mtume mwenyewe alipokuja kwa muda mfupi, aliyelipa alikuwa mwenyeji.

Hilo si la kale tu. Urusi iliimarisha sheria zake mwaka 2016, na shughuli za kimisionari bila vibali zikawa na faini na, kwa mgeni, kufukuzwa nchini. Nchi nyingi hazimruhusu mwenye viza ya utalii kufanya kazi ya dini. Timu inayoambiwa "semeni mmekuja kutalii" inapanda ndege na kuondoka. Jalada la polisi linabaki na jina la aliyewapokea. Tena yapo majanga makubwa zaidi. Julai 2007 Wakorea 23 wa timu ya kanisa walitekwa na Taliban wakiwa njiani kutoka Kabul kwenda Kandahar, na wawili wakauawa kabla ya wengine kuachiwa. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wamarekani kumi walikamatwa wakijaribu kuvuka mpaka na watoto 33 bila hati. Ikaja kujulikana kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi. Nia njema haikumkinga mtu.

Kuhusu vituo vya watoto sina mengi ya kupima. Mtoto anayekumbatiwa na wageni wapya kila baada ya wiki mbili, kisha wote wakatoweka, anaumizwa. Timu ziache.

Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nimeona majiji ambako hilo hutimia. Muumini mwenyeji anafahamika. Akizungumza habari ya imani kazini au kwa majirani, analipia kwa miezi. Mgeni ana uhuru wa kuuliza na kuulizwa, na mtu wa mjini aliyechoka kutazamwa na ndugu zake humfungukia mpita njia haraka kuliko mchungaji wa mtaani kwake. Kanisa dogo la watu ishirini, katika jiji lisilojali dini, likiona vijana kumi wamevuka bahari ili waimbe nao Jumapili moja, hujisikia si peke yake duniani. Faida hiyo haipimiki, na mkosoaji anayeikejeli hajawahi kukaa kwenye kanisa la watu ishirini.

Halafu kuna timu ambazo ufupi wa muda hauziathiri sana. Majiji makubwa yana jamii za wahamiaji wenye lugha zao, na timu inayozungumza lugha ya jamii mojawapo inaanza kazi siku ya kwanza bila mkalimani. Daktari wa macho anayekuja kliniki ya kanisa iliyokuwepo kabla yake, fundi wa mitambo ya sauti, walezi wanaokaa na watoto wiki nzima ili wachungaji wa jiji na wake zao wapate semina yao bila usumbufu: hao hawaanzishi kitu kitakachomwelemea mtu wakiondoka. Ajabu ni kwamba kazi hizi hazina picha nzuri za kuonyesha kanisani, na pengine ndiyo maana haziombwi sana.

Watetezi wakibanwa husema: hata kama jiji halikubadilika, vijana wetu walibadilika. Inawezekana kabisa. Basi tuiite safari ya mafunzo, tuchangishe kwa jina hilo, na tumheshimu mwenyeji kama mwalimu: yeye apange masomo, yeye aamue idadi, na gharama za kutulea zisitoke mfukoni mwake.

Ugumu ni kwamba mwenyeji mara nyingi hawezi kusema hapana. Kanisa linalotuma timu ndilo hilo hilo linalochangia kodi ya ukumbi wake. Akiulizwa "mngependa tuje?" atajibu karibuni sana, na jibu hilo halituambii chochote. Ndiyo maana ningeitazama kwanza barua iliyotangulia safari kabla ya kutazama bidii ya timu. Barua ya kweli ingesema hivi: mchango wetu wa mwaka utakuja kama kawaida, mtuambie mnahitaji watu au la; kama mnahitaji, wangapi, wenye ujuzi gani, mwezi upi, na mkisema mwaka huu msije, hakuna kitakachopungua. Itumwe miezi sita kabla, nauli haijaanza kuchangishwa na fulana hazijachapishwa. Majibu mengine yatakuwa "tuleteeni wawili tu, wakae miezi mitatu." Mengine yatakuwa "mwaka huu nyinyi msije. Mtutumie nauli mbili tuje sisi kwenu."