Nilivyoatamia yai kwa miguu mama mkwe akiniangalia

Hii naiandika mwenyewe kabla mke wangu hajaisimulia kwa namna yake. Ilikuwa jumamosi asubuhi, binti yangu wa miaka kumi kaja na kazi ya shule, aeleze pengwini wanavyopata watoto, na kati ya watu wote waliokuwemo mle ndani akanifata mimi. Nimejilaza zangu kwenye kochi, nikamjibu bila hata kugeuka, "Si ndege yule, anataga, mama yake anakaa juu ya yai kama kuku, yanaanguliwa, andika hivyo." Mtoto akaniangalia kwa huruma. Akasema baba, hapa kwenye tableti wameandika tofauti.

Basi tukaanza kusoma pamoja na ndo nikagundua nilikuwa sijui kitu. Kumbe pengwini wako aina nyingi, na wengi wao wanataga mayai mawili, mke na mume wanapokezana kulalia, huyu akienda kuvua yule anabaki. Ila yule mkubwa kuliko wote, pengwini kaizari, anayeishi Antaktika, huyo ana mambo yake. Anataga yai moja tu, mwezi wa tano au wa sita, yaani kule ndo baridi kali inaanza wenyewe wanaanza uzazi. Na kiota hana. Mama akishataga analisogeza yai mpaka juu ya miguu ya baba, baba analifunika na mkunjo wa ngozi wa tumboni, halafu anasimama. Basi, kazi yake ni hiyo, kusimama, siku kama 65 hivi, baridi inashuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri na upepo juu, hali kitu, na ukihesabu toka alipotoka baharini kuja kutafuta mchumba anafikisha karibu miezi minne tumbo tupu, uzito unakatika karibu nusu.

Hapo nikakaa wima. Mke wangu alikuwa pembeni anakunja nguo, nikapandisha sauti makusudi, "Mama umesikia hiyo? Wanaume hao! Watu wanafikiri sisi hatujui kulea." Mama mkwe, alikuwa kaja kututembelea wiki hiyo, yuko kwenye kiti chake na ufumaji wake, akainua macho, akayarudisha. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana mpaka leo. Sikuishia. Nikasema hata mi ningeweza, kusimama na yai miguuni kwani ni kazi?

Mke wangu akamaliza kukunja shati aliyokuwa nayo, akaipiga piga kwa kiganja ikalala sawa.

"Kwa hiyo baba anabaki na yai."

"Eeh."

"Na mama je?"

Kabla sijafungua mdomo binti kadakia, "Mama anaenda baharini kula. Miezi miwili."

Mliooa mnakijua kile kimya. Akainuka akaenda jikoni, akarudi na yai, akaliweka mezani mbele yangu polepole. "Mi naenda baharini," akasema. "Saa kumi na mbili jioni nitakuwa nimerudi. Miezi miwili nimekusamehe." Saa hiyo ni saa nne asubuhi. Nikacheka, nikadhani utani, kumbe mwenzangu kashabadilisha viatu.

Kukabidhiana tu lile yai ilikuwa sinema. Binti akakataa kabisa tusitumie mikono, eti pengwini hana mikono, na kweli kule sehemu hiyo ndo mayai mengine yanapotea, likigusa barafu dakika chache tu limeganda. Mke wangu akaliweka juu ya vidole vyake, tukasimama ana kwa ana, miguu imegusana, tunasukumana taratibu kama watu wanaofundishana dansi kwa mara ya kwanza, mama mkwe kaacha kufuma kabisa anatuangalia. Likaja. Likakaa katikati ya miguu yangu, nimevaa soksi nzito, nikafungiwa taulo kiunoni iwe ndo ule mkunjo wa ngozi. Binti akasema mkunjo wenyewe baba unao ila haufiki chini.

Mke akaondoka. Mlango ukafungwa.

Saa ya kwanza ilienda vizuri. Nikajifunza kutembea, yaani hutembei, unaburuta kisigino hiki, unaburuta kile, sentimita tano tano. Binti anaendelea na kazi yake, anasoma kwa sauti, mi nachangia maoni kama mtaalamu wa shambani. Akafika kwa Adélie, hao wadogo weusi na weupe, dume anakusanya kokoto na mdomo anajenga kiota, jike akirudi analetewa kokoto anawekewa miguuni, na zina kazi yake kweli, theluji ikiyeyuka mayai yanakuwa juu ya maji. Tena wanaibiana balaa, huyu akigeuka kuchukua kokoto mbele jirani anamchomolea ya nyuma. Mama mkwe akatoa sauti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kwa hiyo dume analeta kitu."

"Ndiyo bibi, kokoto."

"Mh." Akavuta uzi. "Mi sikumbuki kokoto."

Nikajifanya nakagua yai.

Sasa likaja swali lenyewe. "Baba, hapa mwalimu ameuliza wanapandana vipi." Jamani. Mimi, taulo kiunoni, yai miguuni, mama mkwe mita mbili. Mama mkwe mtu ninayemwamkia nimeangalia sakafu miaka yote hii. Nikamwambia mwanangu hilo mngoje mama. Akasema mama yuko baharini.

Kuna daktari mmoja Mwingereza nilikuja kumsoma jioni ile na nikamuelewa sana, George Murray Levick, alikuwa kwenye msafara wa Kapteni Scott wa kwenda Antaktika, akakaa kule Cape Adare msimu wa 1911 hadi 1912 anawaangalia hao hao Adélie, akaona mambo yao ya ndoa na yasiyo ya ndoa, akaona aibu mpaka mengine akayaandika kwenye daftari lake kwa herufi za Kigiriki ili asiyesoma sana asielewe. Aliporudi akaandika ripoti, haikuchapishwa kwa watu wote, zikatolewa nakala 100 tu za kupeana wataalamu wenyewe kwa wenyewe, na dunia ikaja kuisoma vizuri mwaka 2012. Miaka karibu mia moja mtu kaficha mambo ya ndege! Na yeye hakuwa na mama mkwe pale barafuni. Mi Kigiriki sina, nikajaribu kunong'ona.

"Ongea mtu asikie baba," akasema mama mkwe.

Binti akaniokoa, au akanimaliza, sijui. Akasoma kavu kavu kama anayesoma taarifa ya habari. Kwamba pengwini dume hana kiungo chochote cha nje, dume na jike wote wana tundu moja la kazi zote, linaitwa kloaka. Kwamba wanaanza kwa kuinamiana na kuitana, kila mmoja na sauti yake, halafu jike analala kifudifudi, dume anapanda mgongoni anatafuta kusimama, anapapasa na miguu, mabawa yanatetemeka, anarudi nyuma nyuma mpaka mkia wa huyu na wa yule ukae pembeni, matundu yanagusana sekunde chache, imeisha, anashuka. Kwamba mgongo wenyewe unateleza na wengine wanaanguka.

"Wanaanguka?" mama mkwe kauliza.

"Wanaanguka bibi."

"Maskini."

Ikaisha hivyo. Dakika nzima nimetoka jasho kwa jambo ambalo limemalizwa na neno maskini.

Akauliza tena, yeye bibi, wanajuanaje yupi mke yupi mume maana wote wamevaa suti moja. Swali zuri, nikalijibu mimi maana tulikuwa tumeshasoma: kwa macho watu wenyewe hawajui, mpaka wapimwe. Bustani ya wanyama ya Edinburgh zamani walikuwa na pengwini watano, wakawapa majina, walipoanza kuzaa ndo ikaonekana Andrew ni jike, ikabidi awe Ann, Bertha akawa Bertrand, Caroline akawa Charles, Eric akawa Erica. Katika watano aliyepatiwa jina sawa ni mmoja tu, Dora. Mama mkwe alicheka mpaka sindano ikadondoka, na mi kwa furaha ya kumchekesha mama mkwe nusura nidondoshe langu.

Akasoma na hii, kwamba kaizari ni mwaminifu kwa mke mmoja, ila msimu huo tu, mwaka unaofuata wengi wao, kama 85 kati ya 100, wanachukua mwenza mwingine maana ukichelewa kufika hakuna wa kukusubiri. Mama mkwe akaacha kufuma, akaangalia mlango aliotokea binti yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye uzi. Sikupenda ule mpangilio wa macho.

Kufika saa nane njaa imenishika vibaya. Sheria inasema baba hali. Wenzangu wamekula mbele yangu, harufu yote imekuja, nimesimama kama mlingoti. Mgongo unauma, unyayo unawaka. Kule angalau wanakuwa mamia, wanabanana pamoja, wa nje anasogea ndani kupata joto, wa ndani anatoka, wanazungushana. Mi nilikuwa kundi la mtu mmoja.

Lakini njaa siyo iliyoniua. Kilichoniua ni maji niliyokuwa nakunywa tangu asubuhi nikijifariji kwamba maji siyo chakula.

Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi mwanangu, huyo pengwini akibanwa inakuwaje?" Kwa haja yake nauliza, si mnaelewa. Akatafuta. Akacheka. Kumbe hao Adélie wakiwa wanalalia hawatoki kiotani, anainuka kidogo, anageuza mkia nje, anairusha huko, inaruka kama sentimita 40, kiota kinabaki kisafi. Na wataalamu walikaa wakapiga hesabu za presha yake, wakapewa ile zawadi ya utafiti wa kuchekesha mwaka 2005.

Mi njia hiyo sikuwa nayo. Kutoka pale mpaka chooni ni hatua kumi na mbili za binadamu, za pengwini sikuhesabu. Nikaanza safari. Kisigino, kisigino. Binti nyuma yangu na tableti, ananisindikiza na hadithi ya Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, watu watatu wa msafara huo huo wa Scott waliotembea kwenye giza la baridi ya mwaka 1911 kwenda Cape Crozier kutafuta mayai ya huyo kaizari, wakapata matano, mawili yakavunjika njiani, matatu yakafika London. Anasema huko walikuta pengwini wengine waliopoteza mayai yao wanalalia vipande vya barafu, wamevikalisha miguuni vizuri kabisa. Nikamwambia mwanangu nyamaza kidogo baba anapita kwenye vigae.

Vigae na soksi. Hapo mnajua wenyewe. Kisigino cha kulia kikaenda, cha kushoto kikabaki, taulo likafunguka, yai likatoka mbele linabingirika taratibu kabisa, halina haraka, na mi badala ya kuliacha nikarusha magoti kulizuia, magoti yakakutana patupu, nikazunguka, nikakaa chini. Kishindo. Afu chini ya kishindo kasauti kadogo, kach.

Nikatulia. Ubaridi ukaanza kupanda kwenye suruali.

Mama mkwe kutoka kwenye kiti, "Limepona?"

Binti akainama akachungulia chini yangu, akasimama, akaandika kitu. "Baba, sasa ndo umekaa juu yake kama kuku."

Sikuwa na la kusema, nikainuka nikaenda chooni kwa miguu mirefu, nikabadilisha suruali, nikapiga deki, saa tisa na nusu kila kitu kikavu. Nikawaza. Mke anarudi saa kumi na mbili. Mdomo wangu wa asubuhi bado uko hewani. Nikachukua soksi mbili nyeupe nikazikunja zikawa duara, nikazibonyeza upande mmoja zikachongoka kidogo, nikaziweka juu ya miguu, nikafunga taulo, nikasimama palepale aliponiacha. Mama mkwe aliona yote. Hakusema kitu, na mi nikampenda yule mama kuliko siku zote.

Saa kumi na mbili kasoro mlango ukafunguliwa, mke wangu kaingia ananukia, kashiba, anang'aa, mifuko mkononi. Akaniona nimesimama. Uso ukabadilika kabisa, nawaambia niliona machozi yanakaribia. "Baba watoto, umesimama kweli siku nzima?"

"Kazi ya mwanaume hiyo," nikasema.

Akavua viatu. Akaja mbele yangu, akagusisha miguu yake na yangu, akasema lete sasa, zamu yangu. Kule ndo inavyokuwa, mama akirudi anamtafuta baba kwa sauti kati ya maelfu, anapokea, baba naye anaenda baharini kula. Nikasukuma polepole. Kile kitu kikahama, kikakaa juu ya vidole vyake, akafunua taulo kuangalia.

Tukabaki tunaziangalia soksi zangu wote wawili.

Binti hakuinua hata kichwa kwenye daftari. "Mama, hilo ni barafu."