Msimsahau wakili wa Glasgow

Asanteni kwa makala ya kesi ya konokono aliyekutwa kwenye chupa ya soda ya tangawizi, Paisley, Uskoti, mwaka 1928. Jaji Atkin, aliyeamua kwamba mtengenezaji wa bidhaa ana wajibu wa kumlinda mlaji asidhurike, mmemsifu, na anastahili, ila wakili Walter Leechman wa Glasgow mmempitia juu juu mno. Machi 1929 ofisi yake ilikuwa imetoka kushindwa kesi kama hiyohiyo, ya panya chupani! Wiki chache baadaye, Aprili, akafungua ya May Donoghue, mwanamke aliyekunywa soda hiyo ya konokono, dhidi ya mtengenezaji wake. Wangapi wangethubutu? Tena mteja mwenyewe alikuwa muuzaji wa dukani, aliyekula kiapo kwamba mali yake yote haifiki pauni 5. Wakafika hadi Baraza la Malodi, London, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya rufaa, na Mei 1932 wakashinda rufaa, majaji watatu kwa wawili.