Tamka "saratani", kisha nyamaza

Mwanafunzi wa udaktari anayezunguka wodi hapa Mwanza anaweza kukutajia hatua sita za SPIKES, mwongozo wa kumpa mgonjwa habari mbaya, kwa pumzi moja: andaa mahali, uliza mgonjwa anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, mpe taarifa, pokea hisia zake, pangeni kinachofuata. Zilichapishwa mwaka 2000 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na sina ugomvi nazo. Shida iko hatua ya nne. Hapo ndipo utasikia "kauvimbe", "tatizo dogo tu", au ile "CA", kifupi cha saratani, anayomtupia mwalimu wake huku mgonjwa akiwatazama.

Chukua mama aliyetoka Magu na mtoto wa miaka sita, taya limevimba. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yamerudi: limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Akiambiwa "ni uvimbe, tutaupa dawa", uvimbe wenyewe husinyaa siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Mama, na ana haki, anafungasha awahi shamba. Dozi zilizobaki hazitolewi, ugonjwa unarudi. Akiambiwa "saratani" bila neno lingine, anasikia kifo, anaondoka vilevile.

Kwa hiyo: "Mama, majibu si mazuri. Mtoto ana saratani." Halafu kimya. Hesabu kumi moyoni. Wengi huharibu hapa hapa, wanaujaza ukimya kwa majina ya dawa ambayo mama hayasikii kabisa. Akiinua uso, ndipo useme: "Aina hii inatibika, ila lazima amalize dozi zote, hata uvimbe ukiisha mapema."

Mazoezi ya kuigiza yawe ya watu watano: daktari, mama, shangazi, mkalimani, na mtazamaji mwenye saa. Mchezo dakika nane, mjadala kumi na mbili, na aliyecheza daktari aanze kujikosoa mwenyewe. Mwanafunzi akicheza mama humhurumia mwenzake, humrahisishia. Mpe karatasi ya siri: "Itikia kila kitu, hujaelewa." Ya shangazi iandikwe: "Mvute daktari pembeni, mwombe asimwambie mama." (Wodini shangazi huyo hakosekani.)

Mkalimani wa Kisukuma awe muuguzi, si dada wa mtoto. Ndugu atalilainisha neno kwa huruma, nawe hutajua. Hata muuguzi, kubalianeni kabla ya kuingia ni neno gani atatumia kwa saratani. Mkiliacha, mtarudi kwenye "uvimbe".

Swali la kuandika halipimi haya, na ningeliondoa kwenye mtihani. Pima kwa jambo moja. Mwishoni mwanafunzi aulize: "Baba yake akipiga simu leo jioni, utamwambiaje?" Mama akijibu "wamesema ni uvimbe", mwanafunzi avute kiti, aanze tena kwenye "majibu si mazuri".