Stebilaiza nene ya nyuma na kona za Dar

Kwa miaka miwili sasa Forester yangu ya mwaka 2004 imekuwa na stebilaiza ya nyuma ya milimita 19 badala ya ile ya milimita 16 niliyoikuta nayo, na kwa kuwa vijana wengi wenye Subaru na IST hapa Dar es Salaam huniuliza kama nao wafunge, naona ni vyema nieleze msimamo wangu kwa kirefu. Kifaa hiki ni kizuri na ninakipenda, lakini kwa magari mengi yanayobeba familia mjini humu kinafungwa mapema mno, kabla ya mambo yaliyopaswa kutangulia.

Stebilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyopindwa mfano wa herufi U, ikapitishwa chini ya gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katikati inashikwa na bushi mbili, yaani vipande vya mpira vinavyoibana, na ncha zake zinaungwa na mikono ya magurudumu kwa linki, vijiti vifupi vya kuunganishia. Aliyepewa hataza ya kifaa hiki mwaka 1919 alikuwa Mkanada, Stephen Coleman wa Fredericton. Ili kuelewa kazi yake, fikiria watu wawili wakikamua shuka lililolowa. Wakizungusha mikono kwa pande zinazopingana, shuka linajinyonga na kuwa gumu. Wakizungusha upande mmoja, linazunguka tu wala halikamuki. Gari likipanda tuta likiwa limenyooka, magurudumu yote mawili yananyanyuka pamoja na stebilaiza inazunguka ndani ya bushi zake bila kazi yoyote. Gari likiingia kwenye kona, bodi inalalia gurudumu la nje na la ndani linaning'inia. Hapo chuma kinajinyonga, na ukinzani wake ndio unaozuia bodi kulala zaidi.

Ugumu wa chuma hicho unakua kwa kipeo cha nne cha unene wake, na hapa ndipo macho yanapowadanganya wengi. Fundi aliponiwekea vyuma viwili kwenye benchi, tukavipima kwa vernia, tofauti ilikuwa milimita 3 ambazo mtu angezidharau. Lakini ukigawa 19 kwa 16, kisha jibu ukalipandisha kwenye kipeo cha nne, unapata karibu 2. Sikuongeza ugumu kidogo, niliuongeza karibu maradufu.

Faida nilizipata, na sitaki kuzipunguza. Magari mengi ya kawaida huja na tabia ya kukataa kona: unazungusha usukani, pua inaendelea kutaka kwenda nje. Watengenezaji hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu dereva aliyeshtuka huachia mafuta, na gari la namna hiyo hujirudi lenyewe. Ukiukaza upande wa nyuma, sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama kutoka ndani kwenda nje ya kona inahamia kwenye matairi ya nyuma. Yale ya mbele yanagawana mzigo kwa usawa zaidi, na pua inaitikia. Kwenye IST au Vitz, ambazo huvutwa na magurudumu ya mbele, hilo lina maana pia wakati wa kutoka kwenye kona, kwa kuwa gurudumu la mbele la ndani linabaki limekanyaga chini na kuvuta. Mama yangu, ambaye kwa miaka alikuwa akishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili tukipanda kona za Milima ya Pugu kwenda Kisarawe, safari ya kwanza baada ya kufunga aliuachia, akapakata kikapu chake cha maembe na kusema, “Mwanangu, leo gari limetulia.”

Kutulia huko kuna gharama ambayo mama hakuweza kuiona, na nakiri kwamba wakati huo hata mimi sikuwa nimeipima vya kutosha. Jumla ya uzito unaohama kwenye kona inategemea hasa kimo cha gari kwenda juu, upana wake, mwendo na ukali wa kona. Stebilaiza haiufuti uzito huo. Inaamua tu ni matairi gani yaubebe. Kwa hiyo wanaodhani kwamba Noah au Alphard ikifungwa chuma kinene haitapinduka wanajidanganya kwa jambo la hatari. Gari halilali, dereva anaona liko imara, anaongeza mwendo, na kile kilichokuwa kikimwonya kimeondolewa. Matairi ya nyuma nayo yamebebeshwa zaidi ya yaliyokadiriwa, tena kwa upande mmoja.

Machi mwaka uliofuata, mvua za kwanza za masika zikiwa zimeanza kunyesha juu ya vumbi na mafuta yaliyojikusanya barabarani, nilikuwa nikiteremka Pugu kwa mwendo ambao kila siku niliuona wa kawaida. Katikati ya kona bajaji ikatokeza kutoka njia ya pembeni. Nikaachia mafuta ghafla, uzito ukaja mbele, nyuma ikawa nyepesi, na kabla sijagusa breki nikaona miti ikipita kwenye kioo cha mbele kutoka kushoto kwenda kulia. Nilirudisha usukani, gari likanyooka, tairi la nyuma likasimama shubiri moja kutoka ukingo wa mtaro. Matairi yangu ya mbele yalikuwa mapya na ya nyuma yalikuwa yamekaribia kipara. Kwa stebilaiza ya zamani huenda pua ingeteleza kidogo na kujirudi. Katika jiji ambalo bodaboda, bajaji na watembea kwa miguu hutokeza katikati ya kona kila siku, kuachia mafuta ghafla ni jambo la kawaida kwa kila dereva, na ndicho kitendo ambacho chuma hiki hakikisamehe.

Kuna na suala la barabara zenyewe. Gurudumu moja likitumbukia kwenye shimo, chuma kinene kinamshirikisha mwenzake wa upande wa pili, na bodi nzima inatikisika kushoto na kulia kwa namna inayochosha shingo. Kwenye mchanga na makorongo ya mitaa ya ndani ni vibaya zaidi, kwa sababu gurudumu moja linanyanyuka mapema. Kama ndilo linaloendesha gari, linazunguka hewani. Ndiyo maana baadhi ya Nissan Patrol Y61 zilitoka kiwandani na swichi ya kuiachia stebilaiza ya nyuma wakati wa kupita mabonde. Mwenye Mark II au Hiace, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, ningemshauri asiguse kabisa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba magari mengi yanayopelekwa kufungwa stebilaiza nene yanalala kwa sababu ya uchakavu tu. Siku niliyokwenda gereji, Ilala, fundi aliingiza mtaimbo kati ya linki ya zamani na mkono wa gurudumu, akauinua kidogo, na linki ikacheza kwa sauti ya “ngo, ngo” niliyokuwa nikiisikia kwenye kila shimo kwa miezi sita. Bushi zilikuwa zimepasuka, na shokapu moja ilikuwa inavuja. “Bosi, ukifunga hii nene gari halilali tena,” aliniambia, na alisema kweli. Lakini linki, bushi na shokapu mpya peke yake zingenirudishia sehemu kubwa ya utulivu nilioutafuta, kwa kuwa stebilaiza inayocheza kwenye linki zake haianzi kazi mpaka bodi iwe imekwisha kulala. Chuma kinene kikifungwa juu ya mabano ya zamani, yaani vishikizo vya chuma vinavyoishikilia stebilaiza kwenye gari, mabano nayo hubeba nguvu ambazo hayakutengenezewa, na nimewahi kuona moja limechanika kwenye kiunganisho.

Baada ya tukio la Pugu nilirudi chini ya gari mwenyewe. Stebilaiza yangu ina matundu mawili kila ncha: la ndani hufupisha mkono na kuongeza ugumu, la nje huurefusha na kulainisha. Fundi alikuwa amefunga kwenye la ndani bila kuniuliza, nami sikuuliza. Nilihamishia linki kwenye matundu ya nje, nikapaka grisi kwenye bushi, na matairi mapya nikayaweka nyuma. Bodi inalala zaidi kidogo kuliko ile siku ya maembe, na mama ameurudia mpini wake kwa mkono mmoja.