Haya ya Kudai Chetu

Jumatatu baada ya alasiri alikuja mtoto wa binamu yangu kuchukua kofia yake. Kofia ya vito, ile ya matundu ya kushonwa kwa mkono, aliyoiagiza kwa ajili ya Maulidi. Niliitia sindano ya kwanza Mfungo Tatu, siku chache tu baada ya Idi ya kuchinja, nikaimaliza Mfungo Tano ukielekea kwisha. Tulikuwa tumekubaliana elfu sita. Akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akasema mashaallah. Kisha akatoa elfu mbili na mia tano.

"Shangazi, sisi ni watu wa nyumba moja. Na Mombasa za mashine ni mia tatu."

Nimelala na maneno hayo siku tatu, na leo nayaandika.

Asiyeshona hajui, kwa hivyo nimweleze. Mchoro hutangulia kwenye bafta, kitambaa chembamba cha pamba. Halafu kila tundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, hutobolewa, likazungushiwa uzi mzunguko baada ya mzunguko hadi ukingo wake ukasimama. Uzi ukilegea mara moja, tundu hupinda, na jicho la mtu mzima wa Lamu litaliona kutoka upande wa pili wa msikiti. Matundu hayo ni mamia kwa mamia. Mimi hushona asubuhi, mwangaza unaposhuka uani, kwa sababu ikifika magharibi macho hayanisaidii tena. Saa mbili kwa siku, siku 75. Hizo ni saa 150. Toa mia nne za bafta na uzi kwenye zile elfu mbili na mia tano, ugawanye: shilingi kumi na nne kwa saa. Hata chapati hainunuliki. Na zile elfu sita nilizoziona mimi mwenyewe kuwa nyingi, nikazitamka nikitazama chini, ni shilingi thelathini na saba kwa saa.

Kwa nini nilitazama chini? Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kuliko hata kwa yule kijana.

Tumelelewa tukiambiwa mwanamke mwenye adabu hadai. Akipewa hashukuru kwa sauti kubwa, na asipopewa hunyamaza. Mama yangu alishona maisha yake yote kwa adabu hiyo. Siku tuliyomzika, kaka yangu alisimama kama ilivyo ada akatangaza kuwa anayemdai marehemu aje kwetu. Akaja mwenye duka mmoja wa mtaani, mia nane za sukari na mafuta, tukamlipa siku ile ile. Baada ya siku chache tukafungua daftari la mama. Majina kumi na moja. Kofia imechukuliwa, baki elfu moja. Kofia imechukuliwa, baki elfu mbili. Mwandiko wake ule wa kuinama. Baadhi ya watu hao walikuwa wamekaa kwenye matanga, wamekula wali wetu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kusema, mimi nilikuwa nadaiwa na mama yenu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya mama ilikuwa na daftari, na bado ilipotea, kwa sababu alikuwa anaandika tu, hadai.

Mtume, rehma na amani zimshukie, alituamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hadithi hii tunaijua sote tangu chuoni. Basi haya inamhusu nani: aliyetoa jasho, au aliyeondoka na kofia kichwani?

Tazameni mafundi wa milango. Fundi hagusi ubao kabla hajapewa arubuni, malipo ya kutangulia, na mara nyingi ni nusu. Mteja huhesabu noti pale pale kwenye vumbi la mbao, wakapeana mikono, na hakuna anayemwita fundi mchoyo. Mwanamke anayeshona kofia, anayepika maandazi ya harusi, anayesuka au kuchora hina, akitaja arubuni huambiwa siku hizi ameingiwa na tamaa. Kazi ni kazi. Nimeamua: kuanzia sasa sitobanduka kwenye nusu. Mkilalamika mtalalamika.

Nakubali kuna mteja ambaye hana kweli. Kusi likivuma na bahari ikachafuka, mvuvi anaweza kukaa wiki nzima bila kushusha ngalawa, na mimi nimekula samaki wa bure wa watu hao mara nyingi. Huyo aje aniambie kabla sijaanza, tupangane kidogo kidogo. Mwenye kusema "sina pesa mkononi" huku simu anayo, huyo sina cha kumjibu. M-Pesa iko tangu 2007.

Wapo watakaoniambia niende mahakama ya madai madogo. Sheria ipo tangu 2016, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja. Vizuri kujua. Lakini nimpeleke mtoto wa binamu yangu mahakamani, halafu tukutane kwenye harusi ya nani? Kwetu sisi dawa ni arubuni, mwanzo, uso kwa uso.

Wageni nao husifu sana, hasa tangu Mji wa Kale wa Lamu uingie kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Wengi wao hulipa bei niliyoitaja. Inaniuma kwamba wa kwetu, anayejua tofauti ya tundu la mkono na la mashine, ndiye anayeniambia mia tatu.

Jumatatu ile nilimrudishia pesa zake mkononi, nikaichukua kofia. Mkono ulinitetemeka. Nikamwambia, "Mwanangu, ni elfu sita, kama tulivyosema." Akaenda zake bila kuaga.

Jana usiku alipiga simu. Aliuliza kama nimeshamuuzia mtu. Nikamwambia la, iko kabatini, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mzee mmoja wa Shela ameiulizia. Akanyamaza, kisha akasema, "Shangazi, nipe hadi Ijumaa."

Nimempa hadi Ijumaa, baada ya sala.