Saratani ya puru: kisu leo au picha kwanza?

Mjomba alikuwa ameishika bahasha ya majibu ya biopsi, kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa, kwa mikono miwili, kwenye benchi la kliniki hapa Nairobi. Damu tuliyoidhania bawasiri ilikuwa saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mkewe akamwuliza daktari: "Kama mshajua ni saratani, mbona msimpasue wiki hii?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Biopsi hutaja ugonjwa, haisemi umefika wapi. Ili kulijua hilo yahitajika MRI (picha ya sumaku) ya nyonga, tena CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya kifua na tumbo, na kila picha ina bei yake na foleni yake. Anayetoka kaunti ya mbali kufuata matibabu Hospitali ya Kenyatta huongezea nauli na pa kulala. Nao uvimbe hauna subira.

Hata hivyo, naona kisu cha pupa kinaweza kugharimu zaidi. Puru imebanwa ndani ya nyonga, imepakana na kibofu na tezi dume, au uke. Hapo hata milimita moja ni kitu. MRI huonyesha kama uvimbe umo bado ukutani mwa puru (T1 au T2), umepenya hadi kwenye mafuta yanayoizunguka (T3), au umevamia kiungo jirani (T4). Huonyesha pia tezi za limfu, vijifundo vya kinga ya mwili, zinazotiliwa shaka kuwa zimeingiwa na saratani.

Ukiwa ukutani tu na tezi ni salama, hiyo ni hatua ya kwanza: mara nyingi upasuaji peke yake hutosha, na mionzi ingemtesa mgonjwa bure. Ukivuka ukuta ni hatua ya pili. Ukiingia kwenye tezi, ya tatu. Hapo wengi huanza na mionzi, ya siku 5 au ya wiki 5 hivi, pamoja na kemo, yaani dawa za kuua saratani. Kuna ambao uvimbe huyeyuka kabisa. Mwaka 2004 daktari mpasuaji Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazili, alionyesha kwamba baadhi yao wanaweza kufuatiliwa kwa karibu bila kupasuliwa. Aliyekwisha kukatwa hana tena nafasi hiyo, na mionzi ya baada ya kisu huzuia uvimbe kurudi kwa kiasi kidogo kuliko ya kabla, tena huumiza zaidi. CT ikikuta madoa kwenye ini au mapafu, hatua ya nne, mpango wote hupangwa upya.

Utumbo ukiziba, hakuna kungoja: hutolewa njia ya haja tumboni kwanza, picha baadaye. Wengine wangoje, lakini wiki chache. Miadi ya kusogezwa miezi siitetei.

MRI ya mjomba ilisoma T3, tezi mbili za kushuku. Mkewe aliisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Mionzi inaanza lini?"